Vitufe vya Mkato katika Barua-pepe: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi Wanaotumia Kompyuta Zisizo Zao

Watumishi wa Serikali wanaosafiri kikazi kwenda Dar es Salaam, pamoja na wananchi wa Unguja na Pemba wanaokwenda huko kwa biashara, wanafahamishwa kuwa sehemu kubwa ya kazi za barua-pepe inaweza kufanywa kwa kibodi pekee, bila ya kushika kipanya, na kwamba njia hiyo huokoa muda na vile vile hupunguza makosa. Maelezo haya yanawahusu hasa wale ambao hulazimika kutumia kompyuta ya mtu mwengine, katika maduka ya steshenari ya Gerezani na Kariakoo.

Gerezani haihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa visiwani. Ni kata iliyo ubavuni mwa Kariakoo, penye maduka ya vipuri, mafundi wa vyuma na bati, na tangu mwaka 2016 kituo cha mabasi yaendayo haraka. Abiria anayeshuka kwenye boti ya Zanzibar hufika huko kwa muda mfupi. Pampu ya maji au jenereta inapoharibika kisiwani, si ajabu kipuri chake kutafutwa katika mitaa hiyo.

Na uchukuliwe mfano wa afisa ugavi aliyetumwa kwa shughuli ya aina hiyo. Amempata muuzaji, amekabidhiwa ankara kifani, na ofisi yake Unguja inaisubiri ankara hiyo ili malipo yaidhinishwe kabla ya kazi kufungwa. Simu yake imekwisha chaji. Anaingia katika duka la steshenari, ankara inapigwa skani, naye anakaribishwa kwenye kompyuta pekee iliyomo dukani. Nyuma yake wamesimama watu watatu wanaosubiri zamu. Kipanya kimechakaa, kishale kinarukaruka juu ya skrini, na kila anapolenga neno moja kinaangukia jengine. Katika hali kama hiyo mtu hubofya asichokusudia, barua ikaenda kwa asiyehusika, au akaondoka kwa haraka na kuliacha sanduku lake la barua wazi mbele ya wageni. Mtu anayejua vitufe kumi hivi vya mkato angeimaliza kazi ile ile bila ya kukigusa kipanya.

Wazo lenyewe si geni kwa makarani waliozoea mashine ya taipu. Kitufe cha Shift kilianza katika mashine ya Remington Nambari 2 ya mwaka 1878. Kilipobonyezwa kilisogeza sehemu ya mashine ili herufi kubwa ipige karatasi badala ya ndogo, na jina lake la Kiingereza lina maana hiyo hiyo ya kusogeza. Kitufe cha Ctrl katika kompyuta ni ndugu yake: kikishikiliwa, herufi inayobonyezwa haiandikwi bali hugeuka kuwa amri. Amri za kukata, kunakili na kubandika zilitengenezwa na Larry Tesler na mwenzake Tim Mott katika maabara ya kampuni ya Xerox, Marekani, katika miaka ya 1970. Kompyuta ya Apple Lisa ya mwaka 1983 ndiyo iliyoziunganisha na herufi X, C na V, na Z kwa kutengua kosa, kwa vile herufi hizo nne zimepangana katika safu ya chini, karibu na kidole cha mkono wa kushoto kinachoshikilia kitufe cha amri.

Kwa nini basi watumishi wengi hawazitumii? Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na watumishi wengi wa umri mkubwa walikutana na chombo hicho mara ya kwanza katika miaka ya 1990, wakati kipanya kilipokuwa kimekwisha kuzoeleka. Wakafundishwa kubofya, na waliofuata wakafundishwa na hao. Ni jambo la kusikitisha kidogo, maana katibu muhtasi aliyeweza kupiga taipu ukurasa mzima bila ya kutazama mikono yake aliambiwa auondoe mkono wake mmoja kwenye kibodi ili asukume kipanya mezani.

Amri za kuanzia ni zile zinazofanya kazi namna moja karibu katika kila programu ya kompyuta yenye Windows. Ctrl na C hunakili maneno yaliyochaguliwa, Ctrl na X huyakata, Ctrl na V huyabandika. Ctrl na A huchagua maandishi yote, Ctrl na Z hutengua tendo la mwisho, na Ctrl na P huchapisha. Katika kompyuta za Apple, kitufe cha Command hushika nafasi ya Ctrl kwa amri hizi.

Kitufe chenye manufaa makubwa kuliko vyote kwa mwandishi wa barua-pepe, ingawa hutajwa mara chache, ni Tab. Barua mpya ikishafunguliwa, Tab humpeleka mwandishi kutoka mahali pa anwani hadi mahali pa mada, na kutoka hapo hadi kwenye barua yenyewe. Shift na Tab humrejesha nyuma. Mwenye kujua Tab hahitaji kuwinda visanduku hivyo kwa kishale kinachorukaruka.

Kabla ya kuendelea na amri nyengine, lipo tatizo moja linalowazuia watu wengi hata kuingia kwenye barua zao, nalo ni alama ya @. Alama hiyo iliwekwa katika anwani za barua-pepe na Ray Tomlinson mwaka 1971, na leo hakuna anwani isiyokuwa nayo. Lakini haikai mahali pamoja katika kila kibodi. Kwa mpangilio wa Kimarekani hupatikana kwa Shift na 2. Kwa mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza hupatikana kwa Shift na kitufe cha alama ya ritifaa, karibu na Enter, ilhali Shift na 2 huleta alama za kufungua na kufunga usemi. Kwa mpangilio wa Kijerumani, hupatikana kwa AltGr na Q. Kompyuta zilizokwisha kutumika huingizwa nchini kutoka nchi mbali mbali, na huenda vitufe vikawa vimechorwa kwa mpangilio mmoja ilhali Windows imewekwa mpangilio mwengine. Hapo mtu hubonyeza kitufe kilichochorwa @ na kuletewa alama nyengine, akarejea mara tano, na pengine akadhani kuwa neno lake la siri limebadilishwa. Inafaa kwanza kujaribu Shift na 2, kisha Shift na ritifaa. Kama kompyuta ina mipangilio zaidi ya mmoja, kitufe cha Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi hubadilisha kutoka mmoja hadi mwengine. Katika mpangilio wa Kijerumani herufi Z na Y nazo zimebadilishana nafasi, hivyo anayetaka kutengua kosa kwa Ctrl na Z hana budi kutazama ni herufi gani hasa inayotoka kwenye skrini.

Sasa kuhusu programu za barua zenyewe. Amri moja inafanana katika Outlook, Thunderbird na Gmail: Ctrl na Enter hutuma barua. Ni amri nzuri na ya hatari. Enter peke yake huanza mstari mpya, na kidole kilichosahauliwa juu ya Ctrl, pengine baada ya kubandika maneno, kinatosha kuituma barua ikiwa nusu, bila ya kiambatisho na bila ya salamu za mwisho. Outlook, mara ya kwanza amri hiyo inapotumika, humuuliza mtumiaji kama anaikubali. Baada ya hapo haimuulizi tena. Dawa yake ni kuubadilisha mpangilio wa kazi. Kiambatisho kiwekwe kwanza, barua iandikwe na kusomwa, na anwani ya mpokeaji iwe kitu cha mwisho kujazwa. Barua isiyo na anwani haiwezi kutumwa hata kidole kikiteleza. Utaratibu huu haufai kwa barua za majibu, kwa sababu humo anwani hujijaza yenyewe, na kwa hiyo majibu ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi.

Katika majibu ndimo mlimo na kosa la gharama kubwa. Katika Outlook ya kawaida ya ofisini, Ctrl na R humjibu mtumaji peke yake. Ctrl, Shift na R kwa pamoja humjibu kila mtu aliyeorodheshwa. Thunderbird hufuata mtindo huo huo. Tofauti ya siri na tangazo ni kidole kimoja. Mwezi wa Novemba 2016, katika huduma ya afya ya taifa huko Uingereza, barua moja ya majaribio ilifika kwa watumishi zaidi ya 800,000 kwa makosa. Msongamano uliofuata ulizidishwa na wapokeaji wenyewe, ambao walibonyeza kujibu wote ili kuomba waondolewe katika orodha, kila mmoja akawapelekea wengine wote ombi lake, hadi barua za kazi zikachelewa. Orodha za ofisi za visiwani ni ndogo kuliko hiyo, lakini bei ya zabuni au taarifa ya ugonjwa wa mtumishi ikifika kwa watu thelathini wasiohusika, udogo wa orodha hauwi faraja. Kabla ya kutuma jibu lolote, Shift na Tab zitumike kurejea juu kwenye anwani na kuzisoma.

Mtego mwengine ni wa amri zenye sura moja na kazi mbili. Ctrl na F katika programu nyingi hutafuta neno ndani ya ukurasa. Katika Outlook ya kawaida, amri hiyo hiyo huifungua barua tayari kwa kupelekwa kwa mtu mwengine. Ctrl na R inayojibu barua katika Outlook, mtu akiibonyeza anaposoma Gmail ndani ya Chrome au Firefox, hupakia ukurasa upya. Kwa bahati njema Gmail huhifadhi rasimu yenyewe kila baada ya muda mfupi, na barua iliyopotea mbele ya macho aghalabu hukutwa katika folda ya rasimu. Hivyo hivyo hutokea umeme unapokatika ghafla: yaliyokwisha hifadhiwa huwa yako salama kwenye mtandao, si ndani ya kompyuta ya dukani.

Gmail ina utaratibu wake. Vitufe vyake vingi ni herufi moja moja, bila ya Ctrl, na havifanyi kazi mpaka mwenye akaunti aviwashe. Aingie kwenye mipangilio, afungue mipangilio yote, atafute sehemu ya mikato ya kibodi, aiwashe, kisha ashuke hadi mwisho wa ukurasa ahifadhi mabadiliko. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isahaulikayo. Kwa kuwa mpangilio huo hukaa katika akaunti, ukiwashwa mara moja ofisini Unguja utamfuata mtumishi hadi Gerezani. Baada ya hapo, c hufungua barua mpya, r humjibu mtumaji, a hujibu wote, na f hupeleka barua kwa mtu mwengine. Herufi j na k husogeza kutoka barua moja hadi nyengine, u humrejesha msomaji kwenye orodha, e huiweka barua kwenye kumbukumbu, na alama ya mkwaju, /, humpeleka mahali pa kutafutia. Alama ya kuuliza hufungua orodha ya vitufe vyote, na kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuvikariri kwa siku moja.

Vitufe vya herufi moja ni vyepesi, na wepesi huo una adhabu yake. Mtu aliyefungua barua, akadhani kishale kimo ndani ya nafasi ya kuandikia ilhali hakimo, akaanza kuandika neno "safari", herufi ya kwanza itaitia barua alama ya nyota, ya pili itafungua jibu kwa wote, na "fari" itajikuta imeandikwa ndani ya jibu hilo. Neno lolote lenye herufi e laweza kuiondoa barua machoni. Haikufutwa, imo katika barua zote, lakini mwenye haraka ataiona kuwa imepotea. Jambo la kufanya ni kuacha kuandika mara moja na kubonyeza z, ambayo hutengua tendo la mwisho. Kitufe hicho hicho cha z, kikibonyezwa upesi baada ya kutuma, huizuia barua isiondoke. Gmail iliingiza rasmi uwezo huo mwaka 2015. Ifahamike kwamba barua hairudishwi kutoka kwa mpokeaji. Huwa imezuiliwa tu kwa sekunde chache kabla ya kutoka. Muda wa kawaida ni sekunde 5, na katika mipangilio unaweza kuongezwa hadi 10, 20 au 30. Hakuna sababu ya mtumishi kubakia na sekunde 5.

Kwa watu wasioona, hayo yote si njia ya mkato bali ndiyo njia yenyewe, kwani kishale cha kipanya hakina maana kwa asiyekiona. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa naye pamoja na James Teh, wote wawili wasioona, husoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini na hutolewa bila ya malipo. Yule anayeitumia pamoja na Gmail atambue kwamba NVDA nayo ina herufi zake za kuvinjari ukurasa, na herufi hizo hugongana na zile za Gmail. Insert pamoja na kitufe cha nafasi humhamisha kutoka matumizi ya kwanza hadi ya pili. Wakuu wa idara wenye watumishi wasioona wanaombwa wasiwapangie kazi za mikutano pekee kwa dhana kwamba barua-pepe ziko nje ya uwezo wao.

Limebakia jambo la kuondoka dukani, nalo ndilo linalofanywa vibaya na watu wengi. Kulifunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Katika Chrome, Edge na Firefox, Ctrl, Shift na T kwa pamoja hufungua tena ukurasa uliofungwa karibuni. Mteja anayefuata akibonyeza vitufe hivyo vitatu, hata kwa bahati mbaya, anaweza kulikuta sanduku la barua la aliyemtangulia likiwa wazi kama lilivyoachwa. Kwa hiyo kazi ianzwe kwa kufungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge; Ctrl, Shift na P katika Firefox. Dirisha hilo halihifadhi historia, na madirisha yote ya faragha yakishafungwa, kompyuta husahau kuwa mtu huyo aliingia. Hata hivyo, ni bora kutoka kwenye akaunti kwanza, ndipo dirisha lifungwe.

Dirisha la faragha haligusi mafaili. Ankara iliyopakuliwa kutoka kwenye barua hubakia katika folda ya vipakuliwa, na ile iliyopigwa skani hubakia pale mwenye duka alipoihifadhi, pamoja na nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja wa wiki nzima. Katika Chrome na Edge, Ctrl na J huonyesha yaliyopakuliwa. Faili likichaguliwa ndani ya folda, Shift na Delete hulifuta bila ya kulipitisha kwenye pipa la taka, baada ya kuthibitisha. Kwa nakala ya skani, mwenye duka aombwe aifute mteja akiwa bado amesimama hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini sheria haifuti faili. Hufutwa na mtu. Wenye maduka wengi hawakatai wakiombwa kwa uungwana, na shida ni kwamba hawaombwi.

Aliyekwisha panda boti akakumbuka kuwa hakutoka kwenye akaunti yake asisubiri hadi safari nyengine. Akifika kwenye kompyuta, afungue Gmail, ashuke hadi chini kabisa ya orodha ya barua upande wa kulia, afungue maelezo ya akaunti, na hapo atakuta kitufe cha kuvitoa vikao vyengine vyote vilivyo wazi. Kisha abadilishe neno la siri. Ikiwa akaunti iliyoachwa wazi ni ya Serikali, amfahamishe afisa wa TEHAMA wa taasisi yake siku hiyo hiyo, akitaja saa aliyoingia na nyaraka alizozifungua, ili ijulikane ni ipi kati ya hizo ilikuwa ya siri.